Acheni Kuisoma Ngoswe Kimya Kimya

Kila usaili wa filamu ukiisha, lawama ni ileile: vijana wa mikoani hawawezi kusoma skripti. Umepewa ukurasa ambao hujawahi kuuona, una dakika tano, haya, cheza. Kijana wa Migato, kule Simiyu, anasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, macho hayatoki kwenye karatasi. Majaji wanaguna. Eti hana kipaji. Wengine wanacheka lafudhi ya Kisukuma, l ikikaa mahali pa r, utadhani wahusika wote wa filamu zetu wamezaliwa Kariakoo.

Hivi nani aliwahi kumfundisha? Tamthiliya amesoma, hilo tusidanganyane. Aliyemaliza kidato cha nne huenda amekutana na Ngoswe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu au Orodha. Lakini alisomeshwa dhamira, ujumbe na migogoro, taja na fafanua. Atakueleza vizuri kwamba Ngoswe ni karani wa sensa aliyetumwa kuhesabu watu akaishia kwa Mazoea, mpaka Mitomingi, baba wa binti, akazichoma karatasi za serikali. Sasa muulize Mitomingi ana sauti gani akiwa na hasira ile. Hajawahi kumsikia. Darasa zima halijamsikia! Tumeifundisha tamthiliya kama muhtasari wa kikao.

Kusoma papo kwa papo ni mazoezi ya macho na masikio, na Kiswahili chenyewe kina masharti yake. Neno kama "ungalinisikiliza" limebeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Ukiinua macho katikati umeliua. Kwa hiyo unazoa kipande kizima kwa jicho, dole gumba linashika mstari unaofuata, unainua uso, unamwambia mwenzako. Halafu unamsikiliza. Hapa ndipo wengi wanaanguka: mwenzao anaongea, wao wako bize kuwinda mstari wao. Na zile dakika tano si za kukariri. Ni za kujua mtu huyu anataka nini kwa yule, na kwa nini anakitaka leo.

Najua nitaambiwa Bongo Movie ilijengwa na watu waliopewa kisa tu, maneno wakayabuni mbele ya kamera. Ni kweli, na baadhi yao walikuwa wakali. Ila anayeota kucheza kazi kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ajiandae kukabidhiwa maandishi.

Na msiniambie vitabu hakuna. Ngoswe ni kijitabu chembamba, kimelala kwenye mabegi ya shule. Vijana wawili, nakala moja, kila ukurasa mara moja tu, maana ukirudia umeshaanza kukariri. Wakimaliza, waingie Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kisha Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Emmanuel Mbogo, jina ambalo wazee wa Usukumani hawahitaji kufafanuliwa. Lafudhi waiache ilivyo.