Hukumu Bila Hoja Huzaa Shaka

Usiku wa tarehe 5 Agosti 2024, watu wa Keringet walifurahi, wakahuzunika, kisha wakafurahi tena kwa sababu ya mbio moja tu; maana Faith Kipyegon, aliyekulia katika nyanda hizi za Kuresoi Kusini, alimaliza wa pili nyuma ya Beatrice Chebet katika mita 5,000 za Olimpiki ya Paris, akaondolewa kwa hatia ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia waliposukumana njiani, na Kenya ilipokata rufaa, jopo likamrudishia medali yake ya fedha. Kwa medali hiyo tulishukuru, na shukrani yetu ilikuwa halali.

Walakini wachache miongoni mwetu walimkumbuka Nadia Battocletti wa Italia, aliyemaliza wa nne, akapandishwa hadi nafasi ya shaba baada ya hukumu ya kwanza, na baada ya hukumu ya pili akashushwa mahali alipokuwa. Yeye hakumsukuma mtu wala hakusukumwa, na kama watu wa kwao walidhani kwamba jina kubwa limepata upendeleo ambao jina dogo lisingeupata, dhana hiyo haikuwa ya ajabu wala ya husuda.

Dhana ya namna hiyo ni kongwe katika mpira wa kikapu wa Marekani, ambako mashabiki hulalamika mwaka baada ya mwaka kwamba nyota akiguswa kidogo refa hupiga filimbi, ilhali mchezaji asiye na jina akikumbwa mpaka akaanguka huambiwa ainuke acheze. Wapo wanaojibu, na jibu lao lina uzito, kwamba nyota hushika mpira zaidi na huliendea goli mara nyingi zaidi, basi si ajabu akipata faulo nyingi kuliko wengine. Katika Paris pia, Tsegay hakuwa mnyonge asiyejulikana, bali alikuwa mwenye rekodi ya dunia ya masafa yale yale.

Hata hivyo, jambo moja linaiunganisha michezo hii miwili: sheria zake hazikatazi kila mguso, ila hukataza mguso unaomzuia mwenzio isivyo halali, na kipimo cha uzuiaji huo kimeachwa katika jicho la mwamuzi. Jicho la mwanadamu huzoea, na lililozoea kumwona mtu fulani akishinda laweza, bila hila wala rushwa, kuuona msukumo wake kuwa ni kujikinga, na msukumo wa asiyejulikana kuwa ni ukorofi.

Sisi Wakenya tunaujua uchungu huu kwa upande wake wa pili. Katika mita 10,000 za Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Richard Chelimo alikuwa akishindana na Khalid Skah wa Morocco, na Hammou Boutayeb, Mmorocco mwingine aliyekuwa amekwisha pitwa mzunguko mzima, akajiingiza kati yao. Skah alitangulia kufika, akaondolewa, dhahabu ikawa ya Chelimo. Siku ya pili rufaa ya Morocco ikakubaliwa na dhahabu ikarudi kwa Skah. Kenya iliiona rufaa ile kuwa dhulma, na rufaa ya Paris ikaiona kuwa insafu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sisemi kwamba jopo la Paris lilikosea. Nasema kwamba habari ya Kipyegon kurejeshwa ilitufikia huku kwa kishindo, bali hoja za kurejeshwa kwake zilifika kwa mnong'ono, na aliyepokea hukumu pasipo hoja hana cha kuitegemeza isipokuwa mapenzi yake kwa aliyeshinda au chuki yake. Ligi ya NBA ya mpira wa kikapu wa Marekani, iliyokuwa imekwisha fedheheshwa mwaka 2007 ilipobainika kwamba refa Tim Donaghy aliweka dau juu ya michezo aliyoichezesha mwenyewe, ilianza mwaka 2015 kutangaza taarifa za dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana, ikieleza uamuzi gani ulikuwa sahihi na upi ulikuwa kosa. Taarifa hizo hazibadilishi matokeo, na manung'uniko hayakukoma. Lakini mlalamikaji hupata kitu cha kukipinga kwa hoja, badala ya kubaki na uvumi.

Riadha yafaa ifuate njia hiyo. Sheria yake humpa kila mwanariadha nafasi ya kulalamika ndani ya dakika 30 baada ya matokeo kutangazwa, na amana ya rufaa ni dola 100, kiasi ambacho taifa lolote laweza kukitoa. Basi mlango u wazi kwa wote, ila kinachosemwa ndani yake hakisikiki nje. Kila jopo liandike siku ile ile limeona nini katika picha, limepima kwa kifungu gani, na kwa nini limemtofautisha huyu na yule, kisha maandishi hayo yatangazwe pamoja na matokeo.

Na kwa kuwa Keringet imefaidika na hukumu ya Paris, ni wajibu wetu kuanza nyumbani. Katika mashindano ya shule zetu za Kuresoi, mwamuzi anayemwondoa mtoto na amwambie, mbele ya mwalimu wake, kosa lake lilitokea wapi na kwa sheria gani, awe ni bingwa wa kaunti au ni mgeni aliyekuja kukimbia kwa mara ya kwanza.