Nyota Yenye Mkia Haileti Njaa



Mwezi wa Oktoba 2024 nyota yenye mkia ilionekana angani. Wataalamu wa China waliigundua mwaka 2023. Darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, nayo iliiona mwaka huo huo.

Oktoba ni wakati wa kutayarisha mashamba. Hapa Madaba mkulima husafisha shamba lake la mahindi, akingoja mvua. Je, akiona nyota yenye mkia afanye nini?

Tangu zamani watu wa nchi nyingi wamesema kwamba nyota hii ni dalili ya njaa au vita. Mtu akiamini hivyo anaweza kukata tamaa, asilime. Hapo njaa itakuja kweli. Lakini haitaletwa na nyota. Italetwa na jembe lililolala.

Nyota yenye mkia si nyota hasa. Ni bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua. Likikaribia jua, barafu hugeuka gesi. Gesi na vumbi hutoka na kufanya mkia.

Nyota ile ya 2024 ilipotukaribia sana ilikuwa mbali kiasi cha kilometa milioni 70. Basi wataalamu wanajuaje ina nini ndani yake? Wanachunguza mwanga wake.

Mwanga huo ni wa namna mbili. Kwanza ni mwanga wa vumbi. Basi likipita jioni katika barabara ya vumbi, vumbi linang'aa. Vumbi halina taa. Linarudisha mwanga wa jua. Mkia wa vumbi ni hivyo hivyo.

Pili ni mwanga wa gesi. Gesi ikipigwa na jua hutoa mwanga wake yenyewe. Kila gesi ina rangi zake. Nyunyiza chumvi kidogo juu ya mkaa unaowaka. Utaona mwali wa manjano. Hiyo ni alama ya kitu kilichomo ndani ya chumvi. Wataalamu hupitisha mwanga wa nyota katika chombo kinachoutenganisha, kama mvua inavyofanya upinde. Kisha husoma rangi, kama wewe unavyosoma herufi hizi.

Lakini kusoma nusu kunaweza kuleta hofu. Mwaka 1910 wataalamu waliona katika mwanga wa nyota ya Halley alama ya gesi yenye sumu. Ilisemekana dunia itapita katika mkia wake. Huko Ulaya na Marekani watu wengine waliogopa, wakanunua vidonge vya kujikinga. Walaghai wakapata fedha. Gesi ya mkia ni nyepesi mno, hata haiwezi kutudhuru. Mkia ule haukumdhuru mtu.

Nyota ya Halley ilirudi mwaka 1986. Itarudi tena 2061. Watoto wetu wa shule wataiona wakiwa watu wazima. Tuwafundishe kuitazama bila hofu.

Na sisi tulime mapema, tupande kwa wakati, tuweke akiba ghalani. Hiyo ndiyo kinga ya njaa.