Mliangalia ndani ya kinywa cha mtoto?



Mwezi huu naungama kosa la nyumba yangu. Binti wetu alikuwa na miaka 9. Usiku alilia: "Papa, jino!" Nilimujibu: "Lala, ni jino la utoto, litaanguka lenyewe." Siku ya tatu aliamuka na homa, shavu limevimba. Munganga wa meno aliangalia, akasema: "Pasta, hili ni jino la ukubwa." Lilikuwa limeoza mupaka ndani. Akalitoa. Halitaota tena.

Sikilizeni basi. Meno ya utoto ni 20. Mtoto akifika karibu miaka 6, magego manne ya ukubwa yanaota nyuma kabisa, na hakuna jino linaloanguka ili kuyapisha. Ndiyo sababu wazazi wengi hatuyajui. Hata yale ya utoto tusiyazarau, maana yanachunga nafasi ya yanayokuja.

Jino linaoza namna gani? Si mududu analitoboa, kama tulivyoambiwa zamani. Asubuhi, pitisha ukucha juu ya jino: utapata kitu cheupe, laini, kinachonata. Ni utando, umejaa vijidudu ambavyo macho hayaoni. Vinakula sukari ya chai, mikate na biskwi, kisha vinatoa uchachu. Uchachu ule unakula jino pole pole. Maumivu yanakuja nyuma, wakati kazi imekwisha haribika. Na utando ukiachwa, unakauka kama jiwe karibu na ufizi. Muswaki hautautoa tena, ila munganga.

Rangi ya chai ao tumbaku ni kitu kingine: inakaa juu tu. Lakini kijana, usiisugue na mchanga ao makala. Utamaliza ngozi ngumu ya jino.

Mchimbaji mwenye akili anamulika mawe mbele ya kuingia shimoni. Tufanye vile na kinywa. Kila mwezi, siku ya posho, mulalishe mtoto, inua mdomo wa juu, mulika na telefoni. Alama nyeupe kama chokaa karibu na ufizi ni mwanzo wa kuoza. Dawa ya meno yenye floridi ingali inaweza kuusimamisha. Ukiona shimo, nenda kwa munganga, usingoje kilio. Shavu likivimba pamoja na homa, nenda siku ile ile.

Tusugue asubuhi na mbele ya kulala, dakika 2. Toka miaka 3 mupaka 6, dawa iwe kama punje moja ya kunde. Chini ya miaka 3, kama punje ya mchele. Mupaka miaka 7, mzazi mwenyewe asugue. Kiisha kusugua usiku, ni maji tu.

Binti yangu akicheka sana, pengo linaonekana. Kila mara nikiliona, ninachukua telefoni na kumwita mudogo wake: "Kuya, fungua kinywa." Na wewe, wa kwako utamwita lini?