Ujira Ukikatwa, Dai Hati

Zamani misafara ilipotoka Bagamoyo kupita Unyanyembe hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi alipatana kwanza ujira na posho, ndipo akajitwika mzigo. Mwenye msafara naye alijua kwamba njiani watemi watamdai hongo. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita, si rushwa kama tunavyoita leo. Basi aliitenga mapema.

Akina mama wengi wa Tabora hufanya kazi kwa mapatano ya namna hiyo. Wanashona sare, wanapika kwenye semina, wanauza asali kwa jumla. Hawana mwajiri, wanapatana, wanamaliza kazi, wanalipwa. Shida huja siku ya malipo.

Tuchukue mfano. Mama ameshona mapazia ya ofisi ya serikali kwa Sh. 3,000,000. Anapokea Sh. 2,940,000. Nyumbani baba anauliza, "Elfu sitini ziko wapi?" Mama hana jibu, na ugomvi unaanza. Kumbe hakuna aliyeiba. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho yake, inamtaka mlipaji akate asilimia 2 ya bei ya bidhaa zinazouzwa serikalini. Kwa huduma za kitaalamu hukatwa asilimia 5. Makato hayo huitwa kodi ya zuio.

Fedha hiyo haikupotea. Ni kodi uliyokwisha kulipa, nayo hupunguzwa katika kodi yako ya mwaka. Ushahidi wake ni hati ya kodi ya zuio, ambayo mlipaji anawajibika kukupa. Ukiondoka bila hati, unaweza kujikuta unalipa mara mbili. Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, uliza: mtakata kiasi gani, na hati nitaipata lini? Viwango huweza kubadilika kila bajeti mpya inapoanza mwezi Julai. Ulizia katika ofisi ya TRA.

Je, deni la kodi likilimbikizwa? Hapo dada zetu wengi hushtuka. Mfanyakazi aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2004: mwajiri hawezi kumkata mshahara apendavyo. Wewe uliyejiajiri huna mshahara wa kulindwa hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna uwezo wa kuiagiza benki yako, au mteja anayedaiwa na wewe, alipe fedha hiyo TRA moja kwa moja. Umemaliza kazi, na malipo yanapita mlangoni pako bila kuingia.

Usingoje kufika huko. Ukipata makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Ukikubali deni lakini huna fedha, nenda mapema uombe kulipa kwa awamu. Barua iliyofichwa chini ya godoro haifuti deni.

Madeni ya watu binafsi ni jambo jingine. Mdai akishinda kesi, mahakama yaweza kumwamuru mteja wako amlipe yeye. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na malazi, pamoja na vifaa vya fundi. Cherehani unayofanyia kazi ni kifaa cha fundi. Akija mtu kuichukua, muulize amri ya mahakama na uisome.

Anza leo na mambo matatu. Nunua daftari uandike kila kazi, malipo na makato. Hati zote ziweke katika bahasha moja na kuzitunza miaka mitano. Na kila unapolipwa, tenga sehemu ya kodi kabla ya kununua unga, maana makadirio hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Daftari hilo mwonyeshe na baba watoto. Nyumba inayojua hesabu zake haigombani juu ya elfu sitini.