Tusiwalemaze Wagonjwa kwa Mapenzi

Wahenga walinena kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Maana ya methali hii nimeiona kwa macho yangu mwenyewe kwetu Shinyalu, ila tuliyemchelea hakuwa mwana. Alikuwa nyanya yangu.

Nyanya alipatwa na kiharusi asubuhi moja akiwasha moto. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukaenda upande. Alilazwa hospitalini, akapata nafuu, akaruhusiwa kurudi nyumbani na kuambiwa awe akienda kliniki kufanyishwa mazoezi. Mazoezi! Sisi tulicheka. Mzee wa miaka sabini na kitu afanye mazoezi kwani anajiandaa kucheza Bukhungu?

Basi tukampenda kupita kiasi. Shangazi alimlisha ugali kwa mkono wake. Mimi nilipokuja likizo nilimbeba hadi kivulini na kumrudisha ndani. Akijaribu tu kunyoosha mkono achukue kikombe cha chai, sote tulimrukia, "Wacha, nyanya, usijisumbue!" Miezi miwili ikapita hivyo. Vidole vikajikunja, goti likakataa kunyooka. Hapo ndipo tulipopanda matatu pale Khayega, tukampeleka mjini Kakamega.

Mtaalamu alimpima nyanya, kisha akatugeukia.

"Nyumbani mgonjwa huyu anafanya kazi gani?"

"Kazi, daktari? Si unaona ni mgonjwa!" shangazi akamaka.

"Basi nyinyi mnausaidia mwili wake kusahau," akajibu taratibu.

Maneno hayo yalinichoma kama mwiba, nami ndiyo sababu nikaishika kalamu. Maoni yangu ni haya: wagonjwa wengi kwetu hawalemazwi na ugonjwa peke yake. Wanalemazwa na huruma yetu.

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ni nini hasa? Wengi hudhani ni kukandwa kwa mafuta tu. La hasha! Kukanda ni sehemu ndogo. Ni taaluma ya kuupima mwili unavyosonga na kuurudishia uwezo wake kwa mazoezi yaliyopangwa. Katika nchi yetu inatambuliwa na sheria, nayo ni Sheria ya Wanafiziotherapia ya mwaka 2014. Huko Uingereza wauguzi wanne waliunda chama cha kazi hii mwaka 1894. Si jambo la jana.

Chukua kiharusi. Mshipa wa damu kichwani huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo ikafa kwa kukosa damu. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, kwa hivyo ukiumia kushoto, mkono wa kulia hulegea. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki zaweza kujifunza baadhi ya kazi zake, nazo hujifunza kwa kurudia rudia, vile vile tulivyojifunza jedwali la kuzidisha. Kiungo kikilala tu, misuli hupungua na maungio hukauka. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda. Plasta ikitolewa, mfupa umeunga lakini goti limekuwa gumu kama mpini wa jembe. Asipofanya mazoezi, huenda akachechemea aushi yake yote.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema mazoezi yanauma. Kweli, yanauma, na si vyema kumlazimisha mgonjwa kwa nguvu. Tulionywa tusiuvute mkono uliolegea tunapomwinua nyanya, kwani bega laweza kuteguka. Maumivu makali aambiwe mtaalamu, lakini yasiwe kisingizio cha kulala mwezi mzima. Wengine watasema nauli hakuna. Hilo silikatai, maana hata kwetu tuliuza kuku. Hata hivyo, mazoezi mengi hufanyiwa nyumbani mkishafundishwa. Nyanya alipewa kazi ya kupukuchua mahindi! Punje moja moja, kila siku, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia. Hiyo inagharimu shilingi ngapi?

Hali ya nyanya ikoje sasa? Sitawadanganya. Hajarudi kuwa yule wa zamani. Vidole viwili bado havijafunguka, na kila nikivitazama naikumbuka ile miezi miwili tuliyoipoteza tukimbembeleza. Lakini anatembea na bakora hadi langoni. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, chai ikimwagika kidogo kwenye leso. Shangazi hukaa kando akijizuia asimrukie, na haki ya Mungu, naona kujizuia huko ndiko kazi ngumu kuliko kumlisha.

Enyi wanafunzi wenzangu, kama kwenu kuna mgonjwa wa aina hii, waulize wazazi kama anapelekwa kliniki. Mkiwa likizo, msikilizeni mtaalamu, mjifunze mazoezi, mkae naye akiyafanya. Nanyi mnaopenda sayansi, si lazima kila mtu awe daktari wa upasuaji. Chuo cha mafunzo ya utabibu cha serikali, KMTC, hufundisha fiziotherapia, na vijiji vyetu vinawahitaji watu hawa.

Kumpenda mgonjwa si kumfanyia kila kitu. Msogezee kikombe karibu, kisha ungoje. Mwacheni nyanya ajinyweshe chai yake mwenyewe.