Nani Kasema Cherehani Lazima Ilete Pesa?

Kuna imani imeota mizizi huku Delta ya Tana, kuanzia maofisi ya Minjila hadi vibaraza vya Garsen: kwamba wanawake wakikaa pamoja kushona, hiyo ni biashara ambayo haijaamka tu. Mheshimiwa anaiamini, ndiyo maana kura zikikaribia hushusha cherehani kutoka kwenye pikapu na kupigwa picha nazo. Afisa wa mradi anaiamini, na swali lake la kwanza ni mapato ya mwezi. Mume aliyerudi shamba na njaa yake anaiamini kuliko wote: “Mwashona kutwa, mbona shilingi siioni?” Jibu likikosekana, hukumu hutolewa papo hapo. Hao ni wambea, wamejificha nyuma ya uzi na sindano.

Sitamung'unya maneno: imani hiyo ni ya uongo, na imeua vikundi vingi kuliko uvivu wa mtu yeyote.

Tuanze na hesabu, maana wenye imani hii hupenda kujifanya watu wa hesabu. Chukua kijiji cha Wema. Ni watu wa mpunga, mahindi, ndizi na maembe, wanaoishi kwa hisani ya mto. Wape wanawake kumi na watano cherehani kumi na tano. Mteja wao ni nani? Mwanamke wa kumi na sita? Shule zikifungua Januari kutakuwa na sare za kushona, na sikukuu zikikaribia watu watataka nguo mpya. Baada ya hapo cherehani hufunikwa leso ikageuka meza ya kuwekea sufuria. Gauni la mtumba Garsen huuzwa bei ambayo haitoshi hata kununulia kitambaa, uzi na zipu za gauni jipya. Hapo hata bidii ya mchwa haisaidii.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kaunti hii ya Tana River ilikuwa ya pamba. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, ulioanza miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliokuwa kizuizini, ulilima pamba mpaka 1989, mto ulipohama njia yake na kuiacha mitambo ya maji pakavu. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipokea familia zake za kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nao ukapanda pamba, nao ukaporomoka. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 mitumba ikamiminika, na viwanda vya nguo kama Kicomi kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret vikazimika. Rivatex ilibidi ije kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ndipo ipate pumzi. Sasa niambie: serikali imeshindwa, Benki ya Dunia imeshindwa, viwanda vyenye mamia ya wafanyakazi vimeshindwa, halafu mama wa Wema mwenye cherehani ya kukanyaga ndiye anayeulizwa faida iko wapi?

Kwa hiyo wanakutana kufanya nini? Nenda alasiri moja ukaone, jua likishalegea na kazi ya shamba ikiwa imesimama. Mkeka chini ya mwembe, cherehani mbili tatu zilizobebwa na vijana kutoka majumbani, na rundo la nguo ambalo mtu wa biashara angelidharau. Kuna sare ya mtoto aliyerefuka ghafla. Mama yake aliliacha pindo nene makusudi tangu mwanzo, sasa linafunguliwa na sketi inasogea chini vidole vitatu. Kuna suruali ya mtumba ya mwanamume mnene inayogeuzwa kaptula mbili za wavulana. Kuna leso mpya, bado doti nzima, inasubiri kukatwa katikati na kupindwa, na hapo lazima watu wawili washike ncha zote mbili inyooke, maana ikienda upande, mchoro wa pindo utaonekana mlevi.

Na kuna binti anayeshona dera lake la kwanza, shingo imemshinda. Ameikata vizuri, lakini ukanda wa kumalizia ameukata wima, kufuata uzi wa kitambaa, kwa hiyo kila akiuzungusha kwenye mviringo unajikunja na kufanya makunyanzi. Mama mmoja anauchukua, hasemi mengi. Anafumua mshono kwa wembe, tundu baada ya tundu, asije akachana kitambaa. Kisha anakunja kipande kilichobaki kona kwa kona, anaweka chaki, anakata ukanda mwingine mshazari. “Vuta,” anamwambia binti. Binti anavuta, ukanda unanyumbuka. “Ndiyo, mwanangu. Shingo haitaki kitambaa kikaidi.” Ukanda unazunguka, unalala. Somo limekwisha, halikuwa na cheti wala posho ya mwezeshaji.

Sasa hiyo utaiandika safu gani kwenye kitabu cha kikundi? Sare ambayo haikununuliwa haina stakabadhi. Kaptula mbili zilizotoka kwenye suruali moja hazina mteja. Pesa ambayo haikutoka mfukoni ni pesa, kila mwenye nyumba anajua, lakini fomu za miradi zinatambua iliyoingia peke yake.

Tufike kwenye umbea, neno linalowapa wanaume wetu raha ya pekee. Ndiyo, watu husema wakishona. Husemana pia, sitawatetea kama malaika. Lakini wanaume wakikaa kwenye kibaraza na kete za bao, au na miraa kutoka mchana hadi usiku, hilo huitwa kubadilishana mawazo, na sijaona afisa aliyewauliza mapato yao ya mwezi.

Hebu tusikilize kinachosemwa kwenye ule mkeka. Nani hajaonekana tangu juzi. Bibi yupi hawezi tena kutembea. Mtoto wa nani ana homa isiyoshuka. Mvua imenyesha vipi kule juu, na je, bwawa la Masinga limejaa? Mtu wa Nairobi anaweza kuona hayo ni maongezi ya kupitisha muda. Mtu wa Delta anajua maji yakifunguliwa au yakimwagika huko juu, siku chache baadaye yako mlangoni kwake. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yanakumbukwa hapa, na ya 2018, na yale yaliyofuatana mwishoni mwa 2023 na wakati wa masika ya 2024. Siku maji yanapokuja, anayejua kwamba bibi fulani yuko peke yake, na mtumbwi wa karibu uko kwa nani, huwa ni yule mama mwenye uzi mdomoni. Kama huo ni umbea, serikali ya kaunti ingefaa kuugharimia.

Najua kuna watakaonipinga kwa historia, na hoja yao ni nzito kuliko ya mume mwenye njaa. Watasema vikundi vya kushona vililetwa ili wanawake wanyamaze. Wana sababu. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952, mwaka uleule wa hali ya hatari, chini ya mkono wa utawala wa kikoloni. Wanawake wakafundishwa kushona, kufuma na kupika huku ardhi na siasa vikiwa habari ya watu wengine. Baadaye, mwaka 1987, shirika hilohilo likafungwa kwenye mkia wa KANU. Nayakubali yote. Ila sindano haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba ajenda ya mkutano iliandikwa na mtu asiyekaa kwenye mkeka. Na ndivyo ilivyo leo, tofauti ni kwamba mkoloni alitaka mama wa nyumbani mtulivu, na mfadhili anataka mjasiriamali.

Huyo mjasiriamali ndiye anayeua kikundi. Kinaanza na watu saba wanaopendana. Wanaambiwa wafike kumi ndipo wapewe mkopo, basi wanaongeza watatu ambao hawajui hata kutunga uzi. Mkopo unaingia, unanunua vitambaa, vitambaa vinashonwa, nguo hazinunuliki. Marejesho yanaanza. Kwa kuwa kila mmoja ni mdhamini wa mwenzake, asiyelipa anakuwa mzigo wa wote. Haupiti muda, mama aliyekuwa akimfundisha jirani kukata mshazari anapita njia ya nyuma ili wasikutane. Mkeka umekunjwa. Afisa anaandika kwamba kikundi kilikosa uwezo wa usimamizi.

Hapa kwetu kupoteza mahali pa kukutania si hasara ndogo. Sisemi vikundi vya kushona vingezuia mauaji kati ya Wapokomo na Waorma yaliyotokea Riketa tarehe 22 Agosti 2012, au Chamwanamuma na Kilelengwani wiki zilizofuata. Vita vya malisho, maji na siasa havizuiliwi kwa uzi. Lakini baada ya damu ile zilikuja semina za amani, zenye mabango, soda na posho. Maisha yenyewe yalirudishwa na mambo yasiyo na bango, Mworma kuleta maziwa, Mpokomo kutoa nafaka. Mama wa Kiorma akiketi Wema kusubiri leso yake ipindwe, na mwenyeji wake akimwuliza hali ya watoto, hakuna atakayeandika ripoti, na ni afadhali asiandike.

Wapo wanaotaka kuwa mafundi wa kweli, wenye kibanda na wateja na deni la kodi. Wakopesheni hao, mmoja mmoja, na wawe wachache kulingana na soko la Garsen. Waliobaki waacheni washone. Na kama kuna mwenye moyo wa kusaidia, asilete cherehani ya ishirini. Alete fundi wa kuzifufua zile mbili ambazo mkanda umekatika na bobini hailoki tangu mwaka jana. Alete taa ya sola, maana alasiri ni fupi na macho ya wazee yamechoka. Awaombee darasa moja kwa mwalimu mkuu, la kukalia wakati wa mvua. Fomu abaki nazo ofisini. Ila asisahau sindano namba 14, pakiti kadhaa, kwa sababu dukani huambiwa zimekwisha.