Moyo Mzima, Mgonjwa Bado Anaumwa

Kipimo cha moyo kikitoka safi, mgonjwa huambiwa hana kitu, akapumzike. Kauli hiyo huwaacha njiani wenye ugonjwa wa hofu ya ghafla, kwani yaliyowapata si ya kubuni: moyo ulikwenda mbio, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, wakaamini wanakata roho. Shambulio lenyewe hufika kilele ndani ya dakika chache, likapoa. Kinachobaki ndicho kizito. Mtu huanza kukwepa daladala, foleni ya benki, hata ngazi, kwa kuwa akihema kidogo tu anahisi linarudi. Mashambulio yakijirudia pasipo sababu ya wazi, na hofu ya kupatwa tena ikadumu mwezi au zaidi, huo ni ugonjwa, na unatibika.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza jinsi ugonjwa huu unavyojilisha: mtu huchukulia mapigo ya kawaida kuwa dalili ya kifo, hofu ikayaongeza mapigo, nayo mapigo yakaithibitisha hofu. Ndiyo maana mtaalamu humzungusha mgonjwa kwenye kiti hadi apate kizunguzungu, au humpa mrija mwembamba apumulie, ajionee kwamba dalili zile zile haziui. Unaweza kuuona ni ukatili, lakini tiba hii ina ushahidi mzito. Zipo pia dawa kama setralini, ambazo huhitaji wiki kadhaa. Diazepamu hutuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo watu huishia kuitegemea.

Wapo wanaohofia kwamba daktari atakayewahi kusema ni hofu atakosa kuona ugonjwa wa moyo. Wana haki: matatizo ya tezi ya shingo, upungufu wa damu na mapigo yasiyo na mpangilio hufanana nayo, na lazima yapimwe kwanza. Ninachopinga ni kumpima mtu yule yule mara ya tano bila kumweleza lolote. Na kwa wanaosema wanasaikolojia ni haba, Zimbabwe ina Benchi la Urafiki ya Dkt. Dixon Chibanda, ambako wahudumu wa kawaida wa jamii, wengi wao mabibi, hufundishwa kuongoza mazungumzo ya tiba. Utafiti wa 2016 ulionyesha wagonjwa wao wakipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Utafiti huo haukulenga hofu ya ghafla, nakiri. Lakini kumweleza mgonjwa mzunguko ule wa mapigo na hofu, na kumpangia tarehe ya kurudi kabla hajatoka mlangoni, ni kazi ambayo muuguzi yeyote aliyefundishwa anaiweza.